Röntgen, mtu aliyefungua kifua bila kisu

Hapa Mashariki mwa Kongo, mtu akikohoa wiki nyingi bila kupona, munganga anamtuma kwenda kupiga radio. Si hii radio ya habari na muziki. Ni ile radio ya hospitali: unavua shati, unabana kifua kwenye ubao wa baridi, unaambiwa vuta pumzi uizuie, mashini inalia kidogo, basi imekwisha. Kisha wanakupa filme nyeusi ndani ya bahasha kubwa, na munganga anaiinua mbele ya mwanga. Mbavu ni nyeupe, moyo ni mweupe, mapafu ni meusi. Pale kunatokea alama nyeupe katikati ya ule weusi, njo pale anakaza macho.

Kazi hiyo yote ilianzia kwa Mjerumani mmoja mrefu, mwenye ndevu nyingi, asiyependa kelele wala kusifiwa. Jina lake ni Wilhelm Conrad Röntgen. Hakuwa munganga. Hakuwahi kutibu mgonjwa hata mmoja. Na ajabu ya maisha yake ni kwamba mtu huyu aliyepewa zawadi ya kwanza kabisa ya Nobel katika fizikia alikuwa kijana aliyefukuzwa shule, asiye na diplome ya mwisho wa sekondari.

Alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji mdogo wa Lennep, magharibi mwa Ujerumani. Leo Lennep imemezwa na mji wa Remscheid. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na ukoo wa mama yake ulikuwa na mizizi Uholanzi. Wilhelm alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipofika miaka 3 wazazi walihamia Apeldoorn, kule Uholanzi, na njo kule alikulia. Hakuwa mtoto wa kushangaza darasani. Alipenda kutembea porini na kutengeneza vitu kwa mikono yake, na ile mikono ndiyo ilimsaidia maisha yote, sababu vyombo vingi vya kazi yake alivitengeneza mwenyewe.

Shida ilimpata akiwa shule ya ufundi ya Utrecht. Mwanafunzi mmoja alichora picha ya kumcheka mwalimu. Walimu wakataka jina la aliyechora. Röntgen alimjua, lakini alikataa kumtaja. Wakamfukuza yeye. Watu wengi wanasimulia habari hii kama kichekesho tu cha utoto, lakini ilimgharimu sana. Bila ile karatasi, ambayo ni kama diplome ya Leta kwetu, milango ya vyuo vikuu vya Uholanzi na Ujerumani ilikuwa imefungwa. Alihudhuria masomo pale Utrecht kama mgeni, si kama mwanafunzi kamili.

Ndipo akasikia kwamba huko Uswisi, shule kubwa ya ufundi ya Zürich inapokea watu kwa mtihani bila kuuliza diplome. Akaenda mwaka wa 1865. Mwaka wa 1868 akatoka na diplome ya uinjinia wa mashini, na mwaka uliofuata akapata udaktari wa chuo kikuu cha Zürich kwa kazi juu ya gazi. Pale alikutana na watu wawili walioongoza maisha yake. Wa kwanza ni profesa wa fizikia August Kundt, aliyemvuta kutoka kwenye uinjinia akamfanya msaidizi wake. Wa pili ni Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mgahawa ambao wanafunzi walizoea kwenda kunywa. Bertha alikuwa amemzidi umri kwa miaka 6. Walifunga ndoa Januari 1872. Hawakupata mtoto wa kuzaa. Mwaka wa 1887 walimchukua Josephine, mtoto wa kaka ya Bertha, akiwa na miaka 6, wakamlea kama binti yao.

Kundt alipopewa kazi katika chuo kikuu cha Würzburg, Röntgen alimfuata. Lakini pale Würzburg walimkatalia kabisa nafasi ya kufundisha, juu hakuwa na ile karatasi ya sekondari. Udaktari wa Zürich haukuwaambia kitu. Akaondoka na Kundt kwenda Strasbourg, na kule wakamkubali mwaka wa 1874. Kutoka pale alihama hama: Hohenheim, Strasbourg tena, kisha Giessen mwaka wa 1879. Na mwaka wa 1888 chuo kikuu cha Würzburg, kile kile kilichomfungia mlango, kilimuita arudi kama profesa na mkuu wa fizikia. Mwaka wa 1894 akachaguliwa kuwa rektere wa chuo kizima. Haijulikani kama alicheka. Pengine ndiyo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kuangalia hali ya ugonjwa wa mapafu katika miaka ile. Munganga alikuwa na masikio na vidole: kusikiliza kifua kwa kile chombo cha shingoni, na kugongagonga mgongo kama mtu anayejaribu mtungi kama una maji. Kwa njia hiyo waliweza kujua kwamba kuna maji kifuani, au kwamba pafu fulani limeziba. Lakini uvimbe mdogo uliokaa katikati ya pafu haulii, haugongeki. Mwaka wa 1879, wakati Röntgen anahamia Giessen, madaktari wawili, Härting na Hesse, walitoa habari juu ya wachimbaji wa madini wa Schneeberg, kule Saxony. Wachimbaji wale walikuwa wanakufa kifua kwa wingi, na kwa vizazi vingi watu waliita tu ugonjwa wa mlimani. Wale wawili walionyesha kwamba wengi walikuwa na uvimbe mbaya wa mapafu. Walijuaje? Kwa kupasua maiti. Hakukuwa na njia nyingine. Baadaye sana ikaeleweka kwamba miamba ya kule ina urani, na urani inatoa gazi isiyoonekana iitwayo radon, ambayo mchimbaji anaivuta kila siku akiwa shimoni. Ni habari ya mbali, lakini mtu anayeishi karibu na mashimo ya madini ataielewa haraka kuliko wengine.

Basi tufike Würzburg, Ijumaa jioni, tarehe 8 Novemba 1895. Röntgen ana miaka 50. Yuko peke yake katika chumba cha kazi. Anajaribu kitu ambacho wanafizikia wengi wa wakati ule walikuwa wanajaribu: chupa ya kioo iliyotolewa karibu hewa yote, ambayo ndani yake unapitisha umeme wa nguvu sana. Chupa kama hiyo inatoa mwanga. Yeye aliifunika kwa kartoni nyeusi ili mwanga wote ubaki ndani, na chumba kilikuwa giza. Alipowasha umeme, aliona kitu kinameta mbali kidogo na chupa. Ilikuwa ni karatasi ngumu iliyopakwa chumvi fulani ya barium, ambayo inang'aa ikipigwa na miale. Akazima, ikazima. Akawasha, ikametameta tena. Lakini kartoni ilikuwa haitoboki na mwanga. Kumbe kuna kitu kingine kinatoka.

Wengine walikuwa wamepita karibu na kitu hicho hicho kabla yake. Walikuwa wameona sahani zao za picha zinaharibika zikiwekwa karibu na chupa hizo, wakadhani ni ubaya wa sahani, wakaendelea na kazi. Tofauti ya Röntgen iko hapo. Hakuendelea. Kwa karibu wiki saba alijifungia, akawa anakula pale, wakati mwingine analala pale pale, bila kumueleza mtu. Aliweka mbele ya ile miale kila kitu alichopata: karatasi, ubao, karata za kucheza, kitabu cha kurasa karibu 1000, mabati ya aluminiumu. Miale ikapita. Risasi, ile madini nzito, ikaizuia. Na alipoweka mkono wake mwenyewe, aliona kwenye karatasi inayong'aa kivuli chepesi cha nyama, na ndani yake kivuli kizito cha mifupa ya vidole vyake vinavyocheza. Mtu yuko hai, na anaangalia mifupa yake. Kwa kuwa hakujua miale hiyo ni nini, aliipa jina la X, kama vile mwanafunzi anavyoandika kitu asichokijua katika hesabu.

Tarehe 22 Desemba alimuita bibi yake Bertha. Akamuomba aweke mkono juu ya sahani ya picha, asitikisike. Ilichukua muda wa karibu dakika 15. Picha ilipotoka ilionyesha mifupa ya vidole, na kwenye kidole kimoja pete imekaa kama inaning'inia hewani. Inasimuliwa kwamba Bertha aliogopa sana, akaona kama amechungulia kaburi lake, na kwamba hakupenda tena kuingia katika chumba kile.

Tarehe 28 Desemba Röntgen alipeleka makala fupi kwa chama cha fizikia na utabibu cha Würzburg. Tarehe 1 Januari 1896 alituma kwa posta nakala pamoja na picha kwa wenzake wa nchi mbalimbali. Tarehe 5 gazeti la Vienna likachapa habari, na kutoka pale ilizunguka dunia ndani ya siku chache. Tarehe 13 alikuwa Berlin mbele ya Kaisari Wilhelm II akionyesha kazi yake. Tarehe 23 Januari alisimama mbele ya watu wa Würzburg, ukumbi umejaa, akapiga picha ya mkono wa mzee Albert von Kölliker, mtaalamu mkubwa wa maungo ya mwili. Kölliker akapendekeza palepale miale hiyo iitwe miale ya Röntgen, na ukumbi ukashangilia. Ujerumani mpaka leo wanaita hivyo. Yeye mwenyewe aliendelea kusema miale X.

Kinachoshangaza ni upesi wa wanganga. Kwa vitu vingine vya sayansi, kutoka chumba cha majaribio mpaka kitanda cha mgonjwa inachukua miaka. Hii ilichukua wiki. Kabla ya mwaka wa 1896 kufika katikati, hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zinatafuta risasi zilizobaki mwilini, sindano zilizomezwa, mifupa iliyovunjika. Chombo kilikuwa rahisi. Kila mwenye chupa ya kioo na umeme aliweza kujaribu.

Lakini kifua kilikuwa kigumu kuliko mkono. Mkono unaweza kutulia dakika 15. Nani anaweza kuzuia pumzi dakika 15? Moyo nao haukubali kusimama. Picha za kwanza za kifua zilitoka kama mtu amefuta kwa kitambaa. Njo maana madaktari kama Francis Williams wa Boston walitumia zaidi ile karatasi inayong'aa: mgonjwa anasimama, miale inapita kutoka mgongoni, daktari anaangalia mbele, gizani, mapafu yanavyofunguka na kufunga. Kadiri chupa zilivyoboreshwa, muda ulipungua mpaka chini ya nukta moja, na picha ya kifua ikawa safi.

Sababu ya kifua kufaa sana kwa kazi hii ni hewa. Miale X inazuiliwa na kitu kizito na kupita katika kitu chepesi. Pafu ni kama sponji iliyojaa hewa, kwa hiyo miale inapita na kuchoma filme, filme inakuwa nyeusi. Mfupa unaizuia, filme inabaki nyeupe. Uvimbe ni nyama ngumu ndani ya sponji: unazuia kidogo, na unaacha doa. Kwa tumbo, ambapo kila kitu ni nyama juu ya nyama, doa kama hilo lingepotea.

Basi wanganga walianza kuona madoa. Na hapo njo tatizo jipya likazaliwa, ambalo halijaisha mpaka leo: doa ni la nini? Kifua kikuu kinaacha doa. Nimonia inaacha doa. Usaha, maji, kovu la ugonjwa wa zamani, vyote ni vyeupe. Uvimbe wa kansere pia ni mweupe. Miaka ile hakuna aliyefikiria kansere ya pafu haraka, juu ilikuwa kitu cha nadra sana. Mwaka wa 1912, Isaac Adler wa New York alikusanya wagonjwa wote walioandikwa duniani ambao aliweza kuwapata, akafikia 374 tu. Ndipo sigara ikaenea, na hesabu ikabadilika kabisa.

Hata sasa kuna aina za uvimbe wa pafu ambazo ni nadra, na zinasumbua hata wataalamu. Moja inaitwa karsinoidi. Inakua polepole sana, mara nyingi ndani ya bomba la kupitisha hewa, na inaweza kumpata kijana ambaye hajawahi kushika sigara. Kwa kuwa inaziba bomba, upande ule wa pafu unakosa hewa. Mtu anapata nimonia, anatibiwa, anapona. Baada ya miezi anapata tena, fasi ile ile. Au anapumua kwa mluzi, wanasema ni asma. Au anatema damu kidogo, na katika nchi zenye kifua kikuu kingi kila mtu anafikiria tibi kwanza, na wana haki, juu mara nyingi ni tibi kweli. Lakini kama makohozi yamepimwa hayana mdudu, na vidonge vya miezi havijabadilisha kitu, na doa limebaki pale pale kwenye filme zote, basi swali linapaswa kufunguliwa upya. Karsinoidi ya kawaida ikikatwa mapema, wagonjwa wengi wanaishi vizuri miaka mingi. Ni hasara kubwa kuiita tibi.

Nyingine inaitwa hamartoma. Hiyo si kansere kabisa. Ni fundo la mafuta, gegedu na nyama ambavyo vimechanganyika vibaya, limekaa tu. Wakati mwingine ndani yake mna chokaa, na kwenye picha inaonekana kama bisi, yale mahindi yaliyopasuka motoni. Munganga akiona alama hiyo anapumua. Lakini asipoiona wazi, anaweza kumtisha mgonjwa bure, au kumpasua bila lazima.

Kwa hiyo filme ya zamani ni mali. Doa ambalo halikubadilika ukubwa kwa miaka miwili kwa kawaida si baya, na doa ambalo halikuwepo mwaka jana ni habari nyingine. Munganga hawezi kulinganisha kama mgonjwa ametupa bahasha, au ameifanya kifuniko cha dirisha, jambo ambalo hutokea katika nyumba nyingi. Vilevile ni vizuri kuuliza tarehe imeandikwa wapi juu ya filme, na kama herufi ya upande wa kuume na wa kushoto ipo.

Radio ya kawaida ina udhaifu mmoja ambao Röntgen mwenyewe hangeweza kuuondoa: ni kivuli. Vitu vyote vya kifua, kuanzia mbele mpaka nyuma, vinalala juu ya karatasi moja, na uvimbe unaweza kujificha nyuma ya moyo au mbavu. Jibu lilipatikana karibu miaka 50 baada ya kifo chake. Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, alipiga hesabu zake, na Mwingereza Godfrey Hounsfield akatengeneza mashini bila kujua kazi ya mwenzake. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mashini hiyo ilipiga picha ya kichwa cha mgonjwa wa kwanza. Wale wawili walipata Nobel mwaka wa 1979. Hiyo njo skaneri: miale ile ile ya Röntgen, lakini inazunguka mwili, na kompyuta inaupanga kama vipande vya mkate, kimoja kimoja.

Na skaneri inapima pia uzito wa kila nukta. Hewa imewekwa kuwa 1000 chini ya sifuri, maji ni sifuri, mafuta yako kidogo chini ya sifuri, mfupa uko juu sana. Kwa hiyo mafuta ndani ya hamartoma yanajitaja yenyewe kwa namba, bila kisu. Karsinoidi haijitaji hivyo. Skaneri inaonyesha iko wapi, inaziba bomba gani, na imekaribia mishipa gani. Jina lake la uhakika linatoka kwenye kipande cha nyama kilichotolewa na kuangaliwa kwa darubini. Picha inamwelekeza mwenye sindano. Haichukui nafasi yake. Katika mikoa ya Mashariki skaneri bado ni chache na bei yake ni mzigo kwa familia, kwa hiyo kwa watu wengi ni ile radio ya kwanza, ikisomwa vizuri, ndiyo inayoamua kama mtu atatumwa mbele au atarudishwa nyumbani.

Turudi kwa mwenyewe. Watu wa viwanda walimfuata Röntgen mapema, wakitaka achukue hati ya kumiliki ugunduzi wake. Alikataa. Aliona kwamba kazi ya profesa ni ya watu wote. Katika mwaka ule mtu mwingine angekuwa tajiri wa kupindukia. Yeye hakuchukua hata franga moja. Mwaka wa 1901 alipopewa Nobel, alikwenda Stockholm kuipokea lakini hakutoa hotuba ya sayansi, na feza yote, zaidi ya kroni 150.000 za Uswidi, aliiachia chuo kikuu cha Würzburg kwa ajili ya utafiti. Walitaka kumpa cheo cha ukabaila, aongezwe lile neno la heshima mbele ya jina la ukoo. Akakataa vilevile. Juu ya miale X aliandika makala tatu tu, ya mwisho mwaka wa 1897, kisha akarudi kwenye fizikia yake ya fuwele kama mtu aliyemaliza shamba moja akahamia lingine.

Hakukosa maadui. Mwanafizikia Philipp Lenard, aliyekuwa amefanya kazi nyingi na chupa kama zile, aliona kwamba ameporwa sifa, na alibaki na uchungu huo mpaka mwisho. Yeye pia alipata Nobel, mwaka wa 1905, lakini haikumtuliza.

Upande mwingine wa ugunduzi ulikuwa wa giza. Mwanzoni hakuna aliyejua kwamba miale hiyo inaunguza. Watu walipima nguvu ya mashini kwa kuweka mkono wao wenyewe mbele yake, kila asubuhi. Ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka, vidonda visivyopona, halafu kansere. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikatwa mikono, akafa mwaka wa 1904. Edison aliogopa, akaacha kabisa kazi hiyo. Mwaka wa 1936 walisimamisha jiwe la ukumbusho mjini Hamburg lenye majina 169 ya wanganga, mafundi na watawa wa kike wa nchi nyingi waliouawa na miale. Röntgen aliokoka, kwa sehemu kwa bahati: alipendelea kufanya kazi ndani ya kibanda cha bati la zinki chenye risasi, ili sahani zake za picha zisiharibike, na hicho kibanda kilimkinga yeye pia. Siku hizi radio moja ya kifua ina mwale mdogo sana, karibu sawa na ule tunaopata kwa siku 10 hivi kutoka udongo na anga. Skaneri ina zaidi, mara nyingi zaidi, kwa hiyo haipigwi kwa kujifurahisha. Na mwanamke mwenye mimba anatakiwa kusema kabla hajaingia chumbani.

Mwaka wa 1900 alihamia München kwa ombi la serikali ya Bavaria, akabaki kule. Vita vya 1914 vilimkuta mzee. Alitia sahihi lile tangazo la wasomi 93 wa Ujerumani waliotetea jeshi lao lililoingia Ubelgiji, doa ambalo waandishi wengi wa maisha yake wanalipita haraka. Wakati huo huo, upande wa Ufaransa, Marie Curie alikuwa anaendesha magari yenye mashini za miale X karibu na mapigano, akitafuta risasi ndani ya miili ya askari. Ugunduzi wa Mjerumani ulikuwa unaponya pande zote mbili.

Bertha aliugua miaka mingi. Röntgen mwenyewe alimchoma sindano za kupunguza maumivu, mara kadhaa kwa siku, mpaka alipofariki tarehe 31 Oktoba 1919. Baada ya vita feza ya Ujerumani ilianguka hivi kwamba akiba ya mtu wa maisha yote haikutosha kununua kitu. Akiba yake ilipotea pamoja na za wengine. Aliishi miaka ya mwisho kwa kubana, kati ya München na nyumba yake ya shamba kule Weilheim, akitembea milimani alipoweza.

Alikufa tarehe 10 Februari 1923, akiwa na miaka 77, kwa kansere ya matumbo. Haidhaniwi kwamba ilitoka kwenye miale, kwa kuwa alifanya nayo kazi muda mfupi na nyuma ya zinki na risasi. Alizikwa Giessen, karibu na wazazi wake na bibi yake. Kwa wosia wake, barua na daftari zake za kazi zilichomwa moto, hata zile za wiki saba za mwisho wa 1895.